Kwa nini pikipiki inakurusha mbele ukiachia mafuta kwenye foleni

Ukipanda bodaboda Mwenge saa kumi na mbili jioni ukielekea Kariakoo, kabla hujafika kituo cha Morocco umeshajua umepakiwa na dereva wa aina gani. Mmoja akipunguza mwendo nyuma ya daladala husikii kitu. Pikipiki inapoa tu mpaka inasimama. Mwingine, kila akiachia mafuta mwili wako unakwenda mbele, kofia yako inagonga ya kwake, na akivuta tena mafuta unarudishwa nyuma ukitafuta pa kushika. Hapo hajagusa breki hata kidogo. Kinachokurusha ni injini yenyewe: mafuta yakifungwa, inaacha kulisukuma gurudumu la nyuma na kuanza kulizuia.

Hiyo ndiyo breki ya injini. Wapo wanaoichukia kiasi cha kutafuta namna ya kuiondoa kabisa, na wapo wanaoitegemea hadi wakasahau kuwa pikipiki ina breki mbili nyingine. Wote wanakosea. Breki ya injini ni ya kubaki, ila ishike polepole. Na ukali wake mjini, kwa sehemu kubwa, unatokana na gia uliyochagua na jinsi mkono wako wa kulia unavyoachia mafuta. Ubovu wa chombo unafuata baadaye.

Tuanzie ndani ya silinda. Injini ya petroli huongezewa au hupunguziwa nguvu kwa kupewa hewa au kunyimwa. Ukivuta mafuta, unachofungua ni mlango wa hewa, na petroli inaifuata hewa hiyo. Ukiachia, mlango unafunga na kubakiza upenyo mdogo tu wa kuiwezesha injini kukaa sailensi, yaani kunguruma yenyewe bila kuzima. Lakini pikipiki bado inatembea. Gurudumu la nyuma linavuta mnyororo, mnyororo unazungusha giaboksi, na giaboksi inailazimisha injini kuzunguka kwa kasi ambayo yenyewe isingeifikia kwa hewa ile ndogo. Kila pistoni inaposhuka kuvuta hewa, inavuta kitu ambacho hakipo. Chukua bomba la sindano, ziba mdomo wake kwa kidole, kisha vuta: ugumu unaousikia mkononi ndio pistoni inaokutana nao, mara elfu moja na zaidi kwa dakika. Nguvu ya kuushinda ugumu huo inatoka kwenye mwendo wa pikipiki. Ongeza hapo msuguano wa ringi, beringi na gia, na uzito wa oili inayochapwa, ndipo utaelewa mwendo wako unakwenda wapi.

Mafundi wengi husema kinachozuia ni kompresheni. Si hivyo hasa. Hewa iliyobanwa na pistoni ikipanda huirudishia pistoni sehemu kubwa ya nguvu hiyo ikishuka, kwa hiyo hasara yake ni ndogo. Kinachozuia zaidi ni ule mlango wa hewa uliofungwa. Ushahidi mzuri uko kwenye malori: injini za kawaida za dizeli hazina mlango wa kubana hewa namna hiyo, na ndiyo maana huzuia kidogo sana mpaka zifungwe breki maalumu ya ekzosi au ya valvu. Mmarekani Clessie Cummins, ambaye jina lake bado limeandikwa kwenye injini za malori mengi yanayopita barabara zetu, aliguswa na tatizo hilo mwaka 1931, lori lake la dizeli lilipokaribia kumshinda kwenye mteremko wa Cajon huko California. Breki ya valvu iliyotokana na fikra zake ilianza kuuzwa mwaka 1961. Dereva wa pikipiki amepewa kizuizi hicho bure, na tena cha kutosha.

Sasa tuje kwenye gia, maana hapa ndipo ukali unapozaliwa. Chukua pikipiki ya kawaida ya cc 125 yenye gia tano, ya ukoo wa Honda CG125 iliyoingia sokoni katika miaka ya 1970 na ambayo viwanda vingi vya China vimeinakili. Kwenye giaboksi ya namna hiyo gia ya kwanza ina uwiano wa karibu 2.8, ya pili 1.9, ya tatu 1.4. Ukitembea kilomita 20 kwa saa kwa gia ya tatu, injini inazunguka takriban mara 2,800 kwa dakika. Kwa gia ya pili ni kama mara 3,700. Kwa gia ya kwanza ni karibu 5,500. Barabara ni ileile na mwendo ni uleule, lakini injini ya gia ya kwanza inapiga kelele mara mbili ya ile ya gia ya tatu.

Ukiachia mafuta katika hali hiyo, kizuizi kinaongezeka kwa njia mbili zinazozidishana. Kwanza, injini inayozunguka haraka huzuia zaidi kuliko inayozunguka taratibu. Pili, uwiano uleule wa gia uliokusaidia kuondoka na abiria wawili na gunia la mkaa unageuka na kukikuza kizuizi kabla hakijafika kwenye tairi. Ndiyo maana gia ya kwanza, kwa mwendo uleule, huzuia zaidi ya mara mbili ya gia ya tatu. Dereva anayetambaa na foleni ya Ubungo kwa gia ya kwanza, akivuta mafuta nafasi ikitokea na kuyaachia ghafla nafasi ikiisha, amejichagulia mahali pakali kuliko pote.

Namuelewa anayefanya hivyo. Anaogopa pikipiki isizime mbele ya daladala, na anataka iruke haraka akiona upenyo. Lakini gia ya kwanza ni ya kuondokea. Pikipiki ikishatembea kama mtu anayekimbia polepole, yaani kilomita 10 kwa saa hivi, gia ya pili inaweza kuibeba bila kulalamika, na ukipita 25 ya tatu inatosha kabisa kwenye barabara tambarare. Ukiwa umepakia uzito au unapanda mlima, viwango hivyo vinasogea juu kidogo, sikio litakuambia. Injini ikianza kugonga na kutetemeka, umepanda gia mapema. Ikiwa inalia huku mwendo ni wa kutambaa, umechelewa. Ukibadili tabia hii moja tu, nusu ya mishtuko itaisha bila kugusa spana.

Nusu nyingine iko kwenye mkono wa kulia. Kati ya injini kusukuma na injini kuzuia kuna nafasi tupu: ulegevu wa mnyororo, uwazi mdogo baina ya meno ya gia, raba za kwenye hubu ya gurudumu la nyuma. Injini inaposukuma, upande wa juu wa mnyororo ndio unaokaza. Inapozuia, ukazo unahamia upande wa chini. Ukiachia mafuta kwa mpigo, vyuma vyote hivyo vinakimbia kutoka upande mmoja kwenda mwingine na kugota kwa pamoja. Ule mlio wa "kta" unaousikia chini ya kiti ndio mgoto wenyewe, na shingo ya abiria huupokea sekunde hiyohiyo.

Dawa yake ni kuivuka ile nafasi tupu taratibu. Badala ya kuachia mshikio ujirudie wenyewe, urudishe kwa kiganja, katika sekunde moja nzima hivi, na usiufunge mpaka mwisho kama bado unatarajia kutembea. Bakiza mafuta kiasi cha unywele. Kiasi hicho kidogo kinaufungua mlango wa hewa vya kutosha kupunguza uvutaji mtupu ndani ya silinda, na kinaufanya mnyororo ubaki umekaza upande uleule. Kuvuta nako kuwe hivyohivyo: kwanza gusa mpaka usikie mnyororo umekaza, kisha ndipo uongeze.

Wengi hushindwa kufanya hivi kwa sababu mkono wenyewe hauna pa kutulia. Barabara ikiwa na mashimo, kiganja kinaruka na mafuta yanaruka nacho, injini inasukuma na kuzuia bila dereva kukusudia. Egemeza kidole gumba au pembe ya kiganja kwenye kile kisanduku cha swichi kilicho pembeni ya mshikio, shusha kiwiko, legeza mabega, bana tangi kwa magoti. Uzito wa mwili ubebwe na miguu na mapaja; usukani si wa kuning'inia. Nimeona madereva wa miaka mingi wakibadilika ndani ya mchana mmoja kwa kuelekezwa jambo hili tu.

Mkono wa kushoto una kazi yake wakati wa kupunguza gia. Ukitoka gia ya tatu kwenda ya pili bila kuandaa injini, klachi inapoachiwa gurudumu linalazimika kuiburuza injini kutoka mizunguko michache hadi mingi mara moja. Nguvu hiyo inachotwa kwenye mwendo, na pikipiki inapiga kichwa chini. Kwenye lami kavu ni shtuko tu. Kwenye lami iliyolowa mvua ya kwanza, ambapo vumbi na oili vimepanda juu, tairi la nyuma linaweza kufunga na kuteleza pembeni. Kwa hiyo shusha gia moja moja, klachi ikiwa imeshikwa gusa mafuta kidogo ili resi, yaani mizunguko ya injini, ipande, kisha achia klachi polepole, hasa pale inapoanza kushika. Klachi nyingi za pikipiki zetu zinaogelea ndani ya oili, hivyo zinavumilia nusu klachi ya hapa na pale kuliko klachi kavu ya gari. Uvumilivu huo una mpaka: ukiishi kwenye nusu klachi kutwa nzima utaziunguza pleti. Na weka oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, kwa sababu baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano vinavyoifanya klachi iteleze.

Kuna mbinu moja ambayo ningependa kila anayepenya katikati ya magari aijue. Ukitambaa kwa mwendo mdogo sana, usiwe unavuta na kuachia mafuta. Yaweke mafuta mahali pamoja, kidogo na bila kutikisika, kisha rekebisha mwendo kwa kukanyaga breki ya nyuma kwa wepesi. Injini inaendelea kusukuma kidogo wakati wote, mnyororo haupati nafasi ya kulegea, na pikipiki inatulia hata ukipita kati ya bajaji na basi. Si mbinu ya kwenda nayo kilomita nzima, kwani breki itapata moto, lakini kwa mita chache za kupenya hakuna kinachoishinda.

Nikishataja breki, niseme jingine linalonisumbua. Bado kuna imani vijiweni kwamba breki ya mbele inapindua, kwa hiyo dereva anaisusa, anategemea gia na breki ya nyuma. Pikipiki inapopunguza mwendo uzito mwingi unahamia mbele, na tairi la mbele ndilo lenye uwezo mkubwa wa kusimamisha. Linalopindua au kuangusha ni kuishika breki hiyo kwa kuikwapua, au kuishika umekata kona kwenye mchanga. Ikibanwa hatua kwa hatua usukani ukiwa umenyooka, ndiyo breki bora uliyonayo. Anayeiogopa ndiye huyo anayeshuka gia mbili kwa pamoja na kumtupa abiria mgongoni mwake.

Tena breki ya injini haiwashi taa. Ukiachia mafuta kwa ukali kwenye gia ya pili, mwendo wako unaweza kushuka haraka huku taa yako ya nyuma ikimwambia dereva wa daladala kwamba huna habari ya kusimama. Gusa pedeli au mkono wa breki kidogo, hata kama huihitaji, ili taa iwake. Kufanya hivyo hakuna gharama yoyote, na aliye nyuma yako anapata onyo.

Hayo yakishafanyika na mishtuko ikabaki, sasa mwone fundi. Aanze na mnyororo. Pikipiki ikiwa kwenye stendi na gia ikiwa fri, sukuma mnyororo juu na chini kwa kidole katikati ya upande wa chini. Kwa pikipiki nyingi za mjini ucheze milimita 20 hadi 30. Kitabu cha pikipiki yako ndicho mwamuzi. Zungusha gurudumu upime sehemu kadhaa, kwa sababu mnyororo uliochoka haulegei sawasawa. Usiukaze kupita kiasi ukidhani unamaliza tatizo: abiria akipanda, sehemu ya nyuma ya pikipiki inashuka na mnyororo unakaza zaidi, na hapo utakula beringi na sproketi. Mnyororo mlegevu ndio chanzo cha mishtuko mingi niliyoletewa ikiitwa "ubovu wa kabureta".

Raba za hubu zinasahaulika kabisa. Zimewekwa kati ya sproketi ya nyuma na gurudumu ili zimeze mgoto. Shika gurudumu lisizunguke, kisha jaribu kuichezesha sproketi mbele na nyuma. Ikicheza sana, raba zimekwisha. Wapo wanaochomeka vipande vya tyubu kuziba uwazi. Vinasaidia siku chache kisha vinasagika. Nunua raba mpya, bei yake ni ndogo ukilinganisha na sproketi.

Waya wa mafuta nao uwe na ulegevu mdogo, milimita 2 hadi 6 ukipima kwenye ukingo wa mshikio. Ukizidi hapo, mkono unazunguka mtupu kisha injini inaamka ghafla. Ukiwa mkavu na wenye kutu ndani, unakwama na kuachia kwa kuruka, na hakuna ustadi wa mkono utakaoushinda. Utie oili au ubadilishe.

Halafu sailensi. Madereva wengi huishusha sana wakiamini wanaokoa petroli. Pikipiki ndogo nyingi zimepangiwa kukaa karibu na mizunguko 1,400 kwa dakika. Ukiishusha chini ya hapo, mlango wa hewa unafunga zaidi kila ukiachia mafuta, kizuizi kinakuwa kikali, na injini inazima kwenye taa. Ukiipandisha kidogo ifike kiwango chake, utasikia tofauti papo hapo. Usiipandishe mpaka pikipiki isukume yenyewe ukiwa umeachia, kwa maana hapo umeongeza umbali wa kusimama.

Pikipiki ikipiga vifyatuko kwenye ekzosi kila ukiachia mafuta, shuku mchanganyiko wenye hewa nyingi na petroli kidogo. Kagua mpira unaounganisha kabureta na injini kama umepasuka, kagua gasketi ya ekzosi, safisha njia ndogo ya petroli ndani ya kabureta. Mchanganyiko wa namna hiyo huufanya mpito wa kutoka kuzuia kwenda kusukuma kuwa wa kukatakata. Kwenye pikipiki za injekta, kompyuta yenyewe hukata petroli kabisa ukifunga mafuta resi ikiwa juu, kisha huirudisha resi ikikaribia sailensi, na kurudi huko ndiko kunakoleta mtikisiko. Huko dawa ni ileile ya kubakiza mafuta ya unywele, kwa sababu kompyuta ikiona mshikio haujafungwa haikati.

Kubadili sproketi ya mbele kutoka meno 14 kwenda 15 hupunguza mizunguko ya injini kwa takriban asilimia 7 katika kila gia, na kizuizi hupungua nacho. Kwa anayetembea peke yake mjini si wazo baya. Ila anayebeba mizigo na kupanda milima ya Mbezi atajuta siku ya kwanza tu.

Kuna njia moja ninayoikataa bila kusita: kutembea fri, au kushika klachi muda wote ili injini isizuie. Kweli mishtuko inaisha. Lakini gari likikuchomekea, huna gia ya kukutoa hapo, na breki zimebaki peke yake kufanya kazi yote. Kwenye mteremko ni hatari zaidi. Anayeshuka mlima Kitonga akiwa fri na abiria nyuma, breki zake zitapata moto na kulegea kabla hajafika chini. Kule injini inatakiwa izuie, na kwa nguvu. Gia uichague ukiwa bado juu ya mlima, kabla hujaanza kushuka.

Dereva, kesho asubuhi kabla ya kutoka kijiweni pima mnyororo na ujaribu waya wa mafuta. Njiani panda gia ya pili mapema kuliko ulivyozoea, na rudisha mshikio kwa kiganja. Nawe abiria, usinyamaze kofia zikigongana. Mwambie kwa adabu, "Kaka, achia mafuta taratibu." Akikusikiliza, pikipiki yake itadumu zaidi na wewe utashuka shingo ikiwa salama.